Mtoto wa dada anataka kwenda RuPaul's Drag Race, anaomba nimkopeshe dola 9,000 za mavazi. Naombeni ushauri

MamaCherehani

Wakuu, wanaostahili shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Naishi Minnesota, pembeni kidogo ya Minneapolis, kazi yangu ushonaji. Nina kijana, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu yuko shule ya msingi, sasa ana miaka 26. Mchana yuko mapokezi hotelini, wikiendi usiku anapanda jukwaani kwenye klabu za mjini akiwa na gauni, wigi na vipodozi vya kufa mtu. Anachekesha, anaigiza nyimbo, watu wanamtunza hela. Wenyewe wanaita dragi. Nguo zake karibu zote nimeshona mimi, vipimo vyake nimevikariri. Hilo sikuja kuliombea ushauri, kwa hiyo wenye mahubiri fungueni uzi wenu.

Kilichonileta ni hiki. Anataka kutuma video ya maombi kwenye RuPaul's Drag Race, lile shindano la televisheni la wasanii hao. Wanapewa kazi za kushona, kuigiza, kuchekesha na kucheza, na mara nyingi kila kipindi anatoka mmoja. Nguo nyingi za kupita nazo mbele ya majaji mshiriki anakuja nazo mwenyewe. Anasema ukichaguliwa unaletewa orodha ya mada za mavazi na unabaki na wiki chache tu, kwa hiyo anataka tuanze sasa hivi. Dola 9,000. Ninazo, ila ndiyo akiba yangu ya mashine ya kudarizi na fremu ya biashara.

Hoja yake kubwa ni BeBe Zahara Benet. Mzaliwa wa Cameroon, alianzia jukwaani hapahapa Minneapolis, akashinda msimu wa kwanza kabisa mwaka 2009. Kila nikifungua mdomo: "Mamdogo, Mwafrika mwenzetu, mji huuhuu!" Nakosa la kujibu.

Je, hela kama hizo huwa zinarudi? Na bibi yake yuko Morogoro, ana simu janja na yuko kwenye magrupu yote ya ukoo. Nawasilisha.

Mzee wa Kibaraza

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Magrupu ya ukoo ndiyo yatakayokumaliza, hizo dola 9,000 cha mtoto.

Msimu_kwa_Msimu

Dada, pole na hongera kwa kumlea. Shindano hili nimelitazama lote, niruhusu nikuongezee nyama kwenye hiyo hoja ya BeBe, maana kijana anakusimulia nusu ya juu.

Ni kweli alishinda 2009. Washiriki walikuwa 9 tu, zawadi dola 20,000. Kipindi kilirushwa na Logo, chaneli ndogo ambayo Wamarekani wengi hata hawakuwa nayo. Picha za msimu ule zina ukungu hadi mashabiki wanatania kwamba lenzi ilipakwa mafuta ya mgando. Na ndiyo hali halisi ya ushindi wa BeBe: umekuwa wa kwanza kwenye kitu ambacho nchi nzima bado haijakijua. Waliokuja nyuma, hata walioshindwa, walikuta mashabiki wameshajaa. BeBe alirudi All Stars, shindano la washiriki wa zamani, msimu wa 3 mwaka 2018, miaka tisa baadaye, akafika fainali bila kushinda. Mwaka 2020 akawa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha Dragnificent kwenye chaneli ya TLC. Kwa hiyo ukihesabu, taji lilikuja mapema na kazi ya kujulikana ikaja taratibu, kwa jasho.

Sasa muulize kuhusu Trixie Mattel, huyo ni wa Wisconsin, jirani zenu. Msimu wa 7, mwaka 2015, alitolewa, akarudishwa, akatolewa tena. Taji alilipata kwenye hiyohiyo All Stars ya 3. Lakini kabla ya taji alikuwa ameshapata watu wake: uso wa mwanasesere, gitaa, vichekesho vya mtandaoni. Mwaka 2019 akaanzisha kampuni ya vipodozi. Vanessa Vanjie Mateo ndiyo kabisa, msimu wa 10 alitoka wa kwanza. Akiondoka alitembea kinyumenyume akitaja jina lake mara tatu, mtandao mzima ukashika, msimu uliofuata wakamwita tena.

Nafasi ya ushindi si kipimo. Mwambie akuonyeshe kitu ambacho watu watamkumbuka nacho hata akitoka wa kwanza. Akishindwa kukuonyesha, 9,000 hazitamnunulia.

Nyundo

Yaani mtu mzima unauliza hela tu? Mimi kwa imani yangu hata senti tano sitoi. Mpeleke akasomee ufundi umeme.

MamaCherehani

Nyundo, nimekusikia mdogo wangu. Ana cheti cha hoteli na analipa kodi ya chumba mwenyewe. Tuendelee.

@Msimu_kwa_Msimu asante sana. Hiyo ya Vanjie alishanionyesha, sikujua kuwa ndiye aliyetoka wa kwanza. Kitu cha kukumbukwa anacho: anaigiza mama wa Kiswahili harusini, yule anayekagua pilau na kuuliza bi harusi amelipiwa na nani. Wamarekani wanacheka bila kuelewa nusu, Waafrika wanalia machozi. Lakini anaona aibu kuipeleka kwenye televisheni, anataka magauni ya manyoya kama ya wenzake.

Hesabu_Kali

Bi Mkubwa, nafanya hesabu za wasanii wadogo hapa Texas, nikupe ya vitabuni.

Kwanza, zawadi kubwa ni ya mshindi. Miaka hii imepanda hadi dola 200,000 kwa msimu wa kawaida, lakini washiriki huwa 14 na zaidi, na hiyo zawadi serikali inaihesabu kama mapato, inakatwa kodi. Wengi wasioshinda wanaondoka na jina. Jina mtu analigeuza hela kwa maonyesho ya klabu, ziara, kuuza fulana na picha, kukutana na mashabiki kwa tiketi. Kuna DragCon, maonyesho ya mashabiki yaliyoanza Los Angeles 2015, watu wanapanga foleni kununua. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Kipindi ni tangazo lake, na tangazo analigharamia mshiriki kwa mavazi.

Pili, ana faida moja ambayo wengi hawaitumii. Nguo ya jukwaani isiyoweza kuvaliwa mtaani, wigi na vipodozi vya kazi ni gharama za biashara, zinapunguzwa kwenye kodi kama anatangaza mapato yake ya jukwaani. Muulize: zile tuzo za klabu, hela anazotunzwa jukwaani, anaziandika? Ana risiti? Kama hana, mkopo wako unaingia kwenye mfuko uliotoboka.

Tatu, usimkopeshe kwa ajili ya kitu ambacho hajakipata. Wanaotuma maombi ni wengi na wengine wamejaribu miaka na miaka. Gauni la manyoya la mada isiyojulikana litakaa kabatini. Mkopeshe kwa kitu kinachomwingizia hela wikiendi hii, na kikitokea cha televisheni kitamkuta ameshajipanga.

Wakili_Mstaafu

Nyongeza fupi. Kama itatokea akachaguliwa, uzi huu usiendelee. Washiriki husaini kutunza siri hadi majina yatangazwe, simu zinachukuliwa wakati wa kurekodi, na kati ya kurekodi na kurushwa hupita miezi. Kuvujisha kunaweza kumgharimu. Akipewa mkataba asisaini chochote kabla ya kusomewa na wakili wa burudani, hasa vipengele vya jina la jukwaani na asilimia za kazi za baadaye. Kutuma video peke yake hakuna shida, wengi hutangaza wenyewe.

Sindano_Tano

Mamcherehani, fundi mwenzio hapa, London. Nimewashonea hawa wasanii wa Uingereza miaka kadhaa. Hebu tuongee kazi.

Wanaokula hela si magauni, ni wigi na viatu. Wigi moja nzuri ya leisi ikishatengenezwa na mtu wa wigi inaweza kupita gharama ya kitambaa cha gauni tatu. Kwa upande wa mwili, zile nyonga tunachonga wenyewe: sponji la kochi, unalikata kwa kisu cha umeme cha kukatia nyama, unalainisha kingo mpaka zifie kabisa kwenye paja, halafu taiti tatu au nne juu yake ili mstari usionekane. Shona gauni juu ya hizo nyonga, usishone juu ya mwili wake mtupu, la sivyo zipu itakukatalia usiku wa mwisho.

Na majaji hawaangalii bei. Monét X Change msimu wa 10 alipewa vitu vya duka la bei chee, akajitengenezea gauni la sponji za kuoshea vyombo. Halikumpa ushindi wa siku ile, ila watu wanalikumbuka hadi leo, na sponji ikawa alama yake. Baadaye akagawana taji la All Stars ya 4. Sasha Velour msimu wa 9, ile fainali: alinyanyua wigi, maua ya waridi yakamwagika kichwani. Wigi na maua ya waridi, basi. Akatwaa taji.

Kwa hiyo huyo mama wa harusini ndiye wa kumvalisha. Kitenge chenye mabega makubwa, kilemba kilichopinda upande, mkoba kwapani, dhahabu za bandia mpaka kiwikoni. Nani mwingine ataingia pale na hicho? Manyoya kila mtu anayo.

Kigoma_Toronto

Mimi nagusa la bibi, maana naona mnalikwepa.

Akitokea kwenye kile kipindi picha zitafika Morogoro kabla kipindi hakijaisha kurushwa. Kuvaa gauni jukwaani siyo kosa linaloandikwa kwenye sheria ya Tanzania inayokataza ngono ya wanaume wenyewe kwa wenyewe, lakini sheria ile ina adhabu ya miaka 30 hadi maisha, na mtaani hakuna atakayekaa kutenganisha msanii na mashtaka. Ajue kwamba safari za kwenda likizo zinaweza kubadilika. BeBe mwenyewe ametoka nchi ambayo sheria inaadhibu mahusiano ya jinsia moja hadi miaka 5 jela, na filamu ya maisha yake iliyotoka 2021, iliyorekodiwa kwa takriban miaka 15, haikulikwepa suala la Cameroon. Itazameni pamoja, wewe na yeye.

Kuhusu bibi, asisikie kwa jirani. Nani ampigie ndiyo kazi yenu. Mie wangu nilimpigia mwenyewe kuhusu jambo jingine zito, akaniuliza kama nimekula, tukahamia kwenye mahindi.

Mzee wa Kibaraza

Hapo kwa bibi kuuliza kama umekula nimekuelewa kabisa. Bibi zetu wanajua mengi kuliko tunavyodhani, wanachokataa ni kuambiwa na mama Fulani wa kwaya.

Msimu_kwa_Msimu

@Sindano_Tano umemaliza kila kitu. Naongeza moja: kwenye mchezo wa kuiga watu maarufu, ambao upo karibu kila msimu, wengi huanguka kwa sababu wamebeba wigi bila kubeba utani. Kijana mwenye mhusika wake tayari ana mtaji. Bob the Drag Queen alishinda msimu wa 8 mwaka 2016 akibebwa zaidi na mdomo wake, akapata kipindi kwenye chaneli ya HBO, na baadaye akawa mshereheshaji wa ziara ya Madonna ya 2023 na 2024. Mshereheshaji, dada! Mambo ya MC wa harusi hayohayo.

MamaCherehani

Mrejesho.

Nilimsomea uzi wote jana usiku, akiwa amekaa chini anabandua kucha za bandia. Kwa Nyundo alicheka, kwa Hesabu_Kali alinyamaza. Risiti hana. Tuzo za klabu anazijua kwa kukadiria.

Tumekubaliana hivi. 9,000 sitoi. Natoa 2,500 kama mkopo wa maandishi, unalipwa kutoka kwenye tuzo za wikiendi, naye anafungua akaunti ya kazi na kuandika kila kinachoingia na kutoka. Ufundi wangu bure, kitambaa na uzi juu yake. Video inarekodiwa na mama wa harusini akiwa mstari wa mbele; magauni mawili ya manyoya nimemruhusu kwa sababu nimechoka kubishana. Mashine ya kudarizi naagiza mwezi ujao kama nilivyopanga, na yeye atakuwa mteja wa kwanza, kwa bei ya ndugu.

Bibi bado. Nimesema mimi nitampigia, yeye anataka ampigie mwenyewe, tumeachia hapo.

Sindano_Tano, nina swali la kifundi. Kitenge kwenye mabega makubwa nakipa ugumu kwa nini? Nimejaribu bitana ya gundi, inakunja ikipata jasho.

Sindano_Tano

Achana na gundi. Kata turubai la ndani, lile la makoti, lishone kwa mkono kwenye bitana, halafu pitisha waya wa plastiki ukingoni. Kitenge kikae juu yake bila kuvutwa. Na fua kitambaa kabla ya kukata, kile cha nta kinaweza kusinyaa kikiguswa maji. Nitumie picha inboksi ukifika kwenye kola.