Ushauri: nikodishe mikarafuu aliyoacha baba au tuchume wenyewe? Na huyu mzee wa muhogo nimfanyeje?

Mpemba wa Msimbazi:
Asalaam aleikum wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wenye akili zilizotulia maana mie yangu imeshavurugika.

Baba katangulia mbele ya haki mwaka jana, mama alishatangulia zamani. Tumebaki mie na dada zangu wawili. Kaacha shamba Pemba, upande wa Mkoani, zile eka tatu alizopewa babu wakati wa mzee Karume, karatasi ipo na ina jina la babu. Mikarafuu mingi ilishakufa ila inayozaa bado kama themanini hivi na mwaka huu imebeba vibaya sana, yaani matawi yanalala. Mie niko Dar nna duka Kariakoo, siwezi kufunga duka msimu mzima nikakae shamba.

Sasa ami yangu kaja na mtu anayekodi mikarafuu. Anatoa pesa taslimu leo hii, karafuu bado changa, halafu anachuma yeye anaanika yeye anauza yeye, sie tunapokea chetu tunakaa kimya. Dada mkubwa yuko kule kule na kakataa katakata, anataka tuchume wenyewe, ila hana pesa ya kulipa wachumaji na mie yangu yote imo kwenye mzigo uko njiani.

La pili. Mle shambani kuna mzee analima muhogo na migomba chini ya mikarafuu tangu mie sijazaliwa. Hatupi hata shilingi, anapalilia na kulinda basi. Mkodi kasema hatoi pesa mpaka huyo mzee atoke, anaogopa karafuu zitapungua usiku. Ami nae anasema huyo kwanza si mtu wa pale. Mie roho inasita. Nyie mngekua mie mngefanyaje?

Kijana wa Feri:
Kodisha mkuu, hii mbona haina hata mjadala. Mvua ikinyesha karafuu ziko juani hasara yake, mchumaji akianguka kesi yake, wezi wake. Wewe uko Kariakoo unahesabu hela. Hizo stori za kuchuma wenyewe ni mapenzi ya shamba la mzee sio biashara. Mzee wa muhogo mpe nauli na miezi mitatu aondoke kwa amani.

Ustadh wa Kojani:
Kijana wa Feri taratibu yakhe. Kwanza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa kumekatazwa na Mtume (SAW), na karafuu changa mtu anakisia tu, mmoja lazima aumie. Mkitaka kukodisha subirini vishada vikomae mkadirie kinachoonekana.

Pili ndugu yangu hilo shamba si lako peke yako hata uje kutuuliza "nikodishe". Kwa mlivyo, wewe nusu na dada zako kila mmoja robo. Ami yako hana fungu kwenye mirathi ya baba yako maadamu mtoto wa kiume yupo. Anaongea kama nani?

Mpemba wa Msimbazi:
Ami anasema yeye ndo mkubwa wa ukoo. Na ntakua mkweli, huyo mkodi nasikia kuna kitu anamtolea ami pembeni.

Kijana wa Feri:
Ahaa. Basi hapo kidogo pana harufu lakini hesabu yangu haibadiliki.

Konyo Kavu:
Mie ntaongea marefu, asiyependa kusoma aruke. Naona watu wanagombania bei, na bei ndo kitu cha mwisho hapa. Angalia nani ana mti, nani ana mikono ya kuchumia na nani ana pesa kabla msimu haujaanza. Karafuu tangu ziingie Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, kila moja katika hayo likihamia kwa mtu mwingine basi nchi nzima inapinduka, na nyie mmekaa kwenye hayo hayo bila kujua.

Zama za Sultani Sayyid Said mwenye mti alikua nayo mikono pia, maana aliwanunua watu. Na si kwamba hapakua na njia nyengine ya kuchuma, ila karafuu ikishakomaa haisubiri, ukichelewa kidogo inafunguka ua na thamani imekwenda, kwahiyo unataka watu wengi kwa wakati mmoja na mwaka mwengine mti unakaa bila kitu, sasa tajiri gani wa wakati ule angelipa watu mishahara kwa kazi ya namna hiyo wakati anaweza kuwamiliki. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndo mana karafuu mpaka leo ni Pemba. Soko la watumwa likafungwa 1873, na 1897 ndo ikaja amri ya kumtoa mtu utumwani.

Hapo soma polepole. Amri ile ilimpa mtu uhuru, haikumpa ardhi. Fidia alilipwa bwana. Aliyeachwa huru aende wapi? Akabaki pale pale, analima muhogo wake chini ya mikarafuu bila kodi, nae anapalilia na kulinda, msimu ukifika anachuma kwa malipo ya pishi, yaani kwa kila kipimo anachojaza. Serikali ya Waingereza ikawaita maskwota. Sasa kamtazame tena mzee wako. Hakuna aliyekaa akapanga yule mzee aishi vile, huo ni mkataba wa zaidi ya miaka mia na haujaandikwa popote.

Na mwenye shamba nae usidhani alistarehe. Mikono ikishakua ya kulipwa inabidi awe na pesa mkononi kabla hajauza hata kilo moja. Anakwenda kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Riba haramu, basi wakapitia bei ya hiyari: unaandika karatasi kwamba umeuza shamba, ukilipa unalikomboa, na hapo katikati unakaa kwenye shamba lako mwenyewe kama mpangaji na kodi unamlipa aliyekukopesha. Watu walipoteza mashamba hivo huku wanaitwa mabwana barabarani. Miaka ya 1930 madeni yalikua makubwa mpaka Muingereza akaingiza amri za kuzuia mashamba yasichukuliwe, akaipa nguvu CGA, umoja wa wakulima wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma 1937 na India yenyewe ikasusia karafuu za Zanzibar.

Uchaguzi wa 1957, maskwota waliokipigia kura chama cha Afro-Shirazi wakaanza kufukuzwa mashambani. Tafakari: mtu alikaa pale miaka yote anapalilia, leo kura moja tu imemtoa. Wengi wanataka kuelewa mapinduzi ya 1964 kwa kuangalia nani Muarabu nani Muafrika na hiyo imo, ila ukiiacha hii ya muhogo na palizi hutaelewa kitu. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi ikatangazwa ya serikali na kuanzia 1965 zikagaiwa eka tatu tatu. Babu yako akapata mti, mikono alikua nayo yeye na wanawe. Soko likachukuliwa na serikali, unauza kwa shirika la serikali tu kwa bei waliyopanga wao na ilikua kipande kidogo cha bei ya dunia, ndo magendo ya Mombasa yakapamba moto. Halafu kila mtu akiwa na eka zake nani amchumie mwenzake? Shule zikawa zinafungwa, wanafunzi na wafanyakazi wa serikali wanapelekwa makambini kuchuma. Mie mwenyewe nimechuma, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Bei ilikuja kunyooka 2011, mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Ila pesa ya kabla ya msimu bado mkulima hana, na mlango huo huo aliopita mkopeshaji wa zamani ndo anaopita mkodi wa leo. Huyo jamaa wa ami yako hakushindi kwa ujuzi wa karafuu. Anakushinda kwa kua na noti mfukoni mwezi ambao wewe huna.

Mla Urojo:
Konyo Kavu hiyo ilikua khutba sio komenti 😂 ila nimesoma yote.

Kijana wa Feri:
Mzee Konyo historia nzuri nakubali, ila hujajibu pesa ya wachumaji inatoka wapi. Mtumwa na skwota hawamsaidii jamaa kulipa pishi Jumamosi.

Dago Kila Msimu:
Mie mchumaji, naomba na mie niseme maana mnatujadili kama ngazi. Nakwenda dago, yaani kambi ya wachumaji, kila msimu mzuri. Tofauti ya kuchuma kwa mkodi na kuchuma kwa mwenyewe naijua. Kwa mkodi ni mbio, analipa kwa pishi na pishi lenyewe analijaza mpaka linafanya kilima, na sie tukitaka tule inabidi twende haraka, tawi likikataa unalivuta linavunjika unashuka nalo. Mkodi hasemi kitu, mwakani si wake. Mwenye shamba akiwepo anapiga kelele kila tawi linalolia. Ukikodisha mwaka huu uliobeba basi misimu inayokuja usishangae, kile kishada kinatoka kwenye ncha za matawi, tawi likiondoka ncha imeondoka.

Kuhusu pesa: wachumaji wengine wanakubali kuchuma kwa kugawana, hamna malipo taslimu, inayochumwa mnaigawa. Muulize dada yako hapo kijijini wanagawana vipi. Mie ntakubali kwa mtu ninaemuamini, kwa nisiemjua nataka changu jioni.

Bi Mkubwa wa Wete:
Ahsante mchumaji. Na mie niongeze linalosahauliwa. Mnasema mkilipa wachumaji mmemaliza, je wanaochambua? Karafuu ikishuka haijaisha kazi. Usiku mzima wanawake na watoto tunakaa kwenye majamvi tunatoa karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vya kishada, vidole vinanuka mpaka Idi, asubuhi unaanika, wingu likitanda unakimbia kuanua. Kwetu hiyo haikuwahi kuitwa kazi, malipo yake chai na andazi. Halafu shirika likilipa pesa inaingia mfukoni mwa aliyepeleka gunia. Eka tatu zilitoka kwa bwana mkubwa zikaenda kwa baba, ndani ya nyumba mpangilio ukabaki vile vile.

Kwahiyo mwanangu, dada yako anaposema "tuchume wenyewe" elewa atakaekesha ni yeye na wanawe. Ukikubali shauri lake kwanza mkubaliane mchambuzi nae anahesabiwa kabla ya kugawa mafungu ya urithi, usije ukapokea nusu yako Kariakoo safi kama mume wa bi harusi na yeye akapata robo na mgongo.

Mpemba wa Msimbazi:
Dah Bi Mkubwa hilo sikuliwaza kabisa. Nimempigia dada sasa hivi. Anasema wachumaji wa kugawana wapo, watoto wa jirani, ila wanataka na chakula. Anasema pia shirika waliwahi kutoa mikopo ya uchumaji isiyo na riba, ataulizia kama mwaka huu ipo. Chakula naweza kutuma mchele na unga kutoka dukani, hiyo si tatizo.

Kijana wa Feri:
Basi hapo umeshajibu, nafuta ushauri wangu wa kukodisha. Lakini makubaliano ya kugawana muandike kwa sheha, yule kiongozi wa serikali hapo mtaani, maneno ya mdomo yanabadilika gunia likishafika mzani.

Konyo Kavu:
Naam. Na makonyo msitupe, kavu yana bei yake, kile kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta. Huko nyuma fungu la makonyo ndo lilikua la akina mama, kidogo lakini chao.

Mpemba wa Msimbazi:
Sawa. Bado mzee wa muhogo. Mkodi akitoka kwenye picha hakuna anaemfukuza ila ami bado anachochea, anasema akikaa sana atadai shamba.

Ustadh wa Kojani:
Ardhi ya eka tatu ni ya serikali, nyie wenyewe hamna ya kuuza sembuse yeye kudai. Hapo ami anakutisha tu.

Konyo Kavu:
Ardhi sawa, ila kwetu mti na ardhi ni mali mbili tofauti, mtu anaweza kua na mti juu ya ardhi isiyo yake na ukarithiwa. Swali langu: hiyo themanini inayozaa, yote ni ya wakati wa babu? Maana ulisema mingi ilikufa. Nani alipanda mingine?

Mpemba wa Msimbazi:
Mikubwa ni ya babu. Ile ya upande wa bondeni si mikongwe, imeanza kuzaa mie nikiwa sekondari... baba hakua mtu wa kupanda, alikua baharini muda wote. Dada anasema miche alileta mzee.

Konyo Kavu:
Kwa ruhusa ya baba yako au kwa siri?

Mpemba wa Msimbazi:
Kwa ruhusa, dada anakumbuka baba alimwambia "panda tu, si unakaa hapa wewe".

Ustadh wa Kojani:
Basi kabla hamjaita wachumaji mkae na huyo mzee pamoja na sheha mjue ipi yake ipi yenu, maana ami yako alikua anataka kumkodishia mtu mikarafuu isiyokua ya marehemu.

Mpemba wa Msimbazi:
Nakata tiketi ya boti ya Alhamisi. Duka ataliangalia kijana.