Mjadala: Gari la umeme likiingia nchini, mtandao wake uwe wa nani?

Wanajamvi, magari ya umeme yameanza kuonekana hapa Dodoma, na wengi wetu tunayanunua yakiwa yametumika nje. Swali langu ni hili: je, serikali iweke sharti kwamba muuzaji aeleze kwa maandishi kama mtandao wa ndani ya gari bado uko hai, na kwamba kifaa chake kiweze kubadilishwa na kuwekwa laini ya hapa? Au tuache soko liamue, kila mnunuzi afungue macho yake? Mimi nasema sharti liwekwe. Nieleze sababu zangu, halafu nipingeni.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe: gari la umeme la kisasa lina simu ndani yake. Huwezi kuitumia kumpigia mtu. Ni modemu iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ina laini yake na antena yake. Kupitia hiyo, mwenye gari anaona kwenye simu yake betri imefika asilimia ngapi, anawasha kiyoyozi akiwa bado ofisini, na chaji ikikatika anapata ujumbe.

Gari langu nililinunua likiwa na modemu iliyokufa. Aliyeniuzia hakusema, na mimi sikujua kuuliza. Naishi Ilazo, kazi yangu iko Mtumba, na nyumbani nachomeka gari usiku. Linakula kama uniti 18 kwa usiku likiwa limeshuka sana. Usiku mmoja uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ziliisha nyumba nzima imelala. Feni ilizima, nikageuka upande wa pili nikaendelea kulala nikidhani umeme umekatika mtaa mzima. Asubuhi nakuta betri iko asilimia 22. Siku hiyo nilikuwa na mgonjwa wa kumpeleka hospitali, mama yangu mkubwa aliyekuja kutoka Kongwa, na tukaanza kuhangaika na bajaji saa kumi na mbili asubuhi. Ujumbe mmoja tu kwenye simu ungeniamsha, ningenunua uniti nikiwa kitandani.

Nikalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari. Akafungua droo ya dashibodi upande wa abiria, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa kiboksi cheusi kama kipande cha sabuni ya kuogea. Tukakifungua. Laini imo, lakini haichomoki: imechomelewa kwa risasi kwenye bodi. Fundi akaigusa na ncha ya bisibisi, akaniambia, "Kaka, hii siyo redio."

Alijua ninachofikiria. Wote tunaijua hadithi ya redio za magari ya Kijapani. Kule FM yao huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani huishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Fundi anafunga kile kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, unalipa hela kidogo, unasikiliza taarifa ya habari. Modemu haiendi hivyo. Yanahitajika mambo matatu kwa pamoja: kifaa kinachoelewana na minara iliyopo, laini inayolipiwa, na seva, yaani kompyuta ya mtengenezaji huko kwao, inayokubali kulitambua gari lako. Ukibadilisha kifaa peke yake, seva inakikataa. Ukiweka laini peke yake, huna pa kuichomeka. Na hayo yote yako mikononi mwa mtengenezaji.

Wenzetu wa nje limewauma kabla yetu. Marekani, AT&T (kampuni ya simu) ilizima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017, na wenye Nissan Leaf, gari la umeme, za miaka ya mwanzo wakatakiwa kulipa dola 199 wabadilishiwe kifaa kiwe cha 3G. Februari 2022 hiyo 3G nayo ikazimwa. Miaka mitano tu. Wenye Tesla Model S zilizotengenezwa kabla ya Juni 2015 nao walikuwa na 3G, wakaambiwa kuhamia LTE, yaani 4G, ni dola 200. Uingereza, Aprili 2024, Leaf za zamani zilipoteza programu yake ya simu kabisa. Magari yenyewe yalikuwa mazima, yanatembea.

Kwa hiyo tunaposema "kuboresha mtandao wa gari uwe wa kasi", kasi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kutuma asilimia ya betri ni data kiduchu, hata 2G inatosha. Ramani na masasisho ya programu ndiyo yanayotaka 4G. Mtu anahamia kizazi kipya kwa sababu mnara wa zamani unazimwa. Na hapa kwetu 2G bado iko hewani, huku Vodacom ikiwa imezindua 5G mwaka 2022. Mnara upo juu ya kichwa changu, lakini laini iliyomo ndani ya gari ni mgeni asiye na mwenyeji.

Sasa hoja za upande wa pili, na nyingine ni nzito.

Ya kwanza: sharti litapandisha bei, na anayeumia ni yuleyule mwalimu au nesi aliyejikusanyia hela ya gari dogo. Hii naiheshimu. Ndiyo maana sisemi gari lenye modemu mfu lizuiwe bandarini. Nasema liandikwe. Mnunuzi akijua, atabisha bei au atachagua lingine.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: bora modemu ife, maana gari lenye mtandao ni gari linalofuatiliwa. Mwaka 2016 mtaalamu wa usalama, Troy Hunt, alionyesha kwamba kwa kujua namba ya chasi tu mtu aliweza kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mtu mwingine na kuona taarifa za safari zake. Namba ya chasi, ambayo kwenye magari mengi unaisoma kupitia kioo cha mbele! Nissan ikaisimamisha programu ya simu ya gari hilo. Kwa hiyo hatari ni ya kweli. Lakini mtazameni mtu anayenunua gari ambalo modemu yake iko hai na hajui: mwenye gari wa zamani, kama hakujiondoa kwenye akaunti, anaweza kuendelea kuona gari linalala wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake. Mahali gari lako linapolala kila usiku ni taarifa binafsi. Cheti cha mauziano kinachosema "mtandao uko hai, akaunti ya zamani imefutwa" kinamlinda hata yule asiyetaka mtandao kabisa.

Ya tatu ni kwamba simu ya mfukoni inatosha. Haitoshi, kwa sababu simu ya mfukoni haiko ndani ya gari usiku.

Nyongeza, jioni. Nimesoma majibu yenu.

Ndugu wa Singida ameeleza alivyofunga OVMS, kifaa cha mradi wa wazi ambacho unakichomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, unaweka laini yako na bando lako, na hakihitaji seva ya mtengenezaji. Ahsante sana. Hilo ndilo jibu bora nililosikia kwa gari ambalo tayari tunalo, na mwezi huu natafuta cha kwangu. Ila naomba tuliangalie vizuri: laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Siku unauza gari, itoe kwanza, ndipo ukabidhi ufunguo. Ikibaki humo, lolote litakalofanyika kwa laini ile lina jina lako.

Dada wa Kisasa amesema mafundi wetu wapewe nafasi badala ya kuongeza sheria. Naungana naye nusu. Fundi wangu ana mikono na akili ya kutosha. Kinachomzuia ni risasi kwenye ile bodi na seva isiyomtambua. Mikono haiwezi kushinda hilo mpaka mtengenezaji aambiwe aweke tundu la laini, kama simu zetu zilivyokuwa nalo miaka yote.

Na kwa mzee aliyeuliza kama hili ni jambo la matajiri: mzee wangu, shikamoo. Mimi si tajiri. Nilihesabu mafuta ya kwenda na kurudi Mtumba kila siku nikaona umeme unanifaa zaidi, na bado unanifaa.

Walioagiza magari wenyewe kupitia Dar, naomba mtusaidie kwa kitu kimoja: kwenye karatasi ya ukaguzi mliyopewa kabla gari halijapakiwa melini, kuna mstari wowote unaotaja modemu au laini? Yangu ina mstari wa taa, breki, matairi, hadi hali ya viti. Ya kwenu je?