Mrejesho: ripoti za kitabu kidato cha pili, Mbale

Habari zenu ndugu. Mwezi uliopita niliomba mbinu za ripoti ya kitabu, maana wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Mbale, Uganda, walikuwa wakinakili tu muhtasari wa mwenzao. Asanteni sana.

Tuliigiza kesi ya mahakamani darasani: mhusika mkuu wa kitabu alishtakiwa kwa kumtelekeza mamake, na kila shahidi ilimbidi ataje ukurasa unaothibitisha maneno yake. Hapo ndipo walipokisoma kitabu kweli! Binti mmoja ambaye huwa hafungui kinywa darasani alimtetea mshtakiwa dakika kumi nzima, akichanganya na Kigisu, lugha ya huku kwetu. Sikumkatiza. Nilifurahi mno.

Mbinu nyingine, boksi la vitu vya mhusika (mwanafunzi anakusanya vitu vinavyomwakilisha mhusika na kuvieleza), haikufaulu sana. Muhula ujao tutarekodi ripoti ya kitabu kama taarifa ya habari ya redio kwa simu yangu.