Nyumba imeshapigwa mnada, deni lililobaki ni la nani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Mtu kachukua mkopo wa nyumba hapa Kenya, mambo yakamwendea kombo, akashindwa kulipa. Benki inampa notisi ya miezi mitatu, halafu ya siku 40, halafu dalali anakuja na siku 45 zake. Nyumba inauzwa. Kisha inakuja barua: bado unadaiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu benki imshtaki kwa salio hilo, kwa kuwa alijifunga mwenyewe kulipa.

Sikatai kwamba deni hulipwa. Ninachokataa ni hesabu. Chukueni nyumba ya milioni 8. Mthamini anaandika bei mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo kwa kawaida iko robo chini, yaani milioni 6. Inauzwa kwa hiyo ya pili. Deni, pamoja na riba ya adhabu na ada za wakili na dalali, limefika milioni 8.5. Mkopaji anabaki na milioni 2.5 shingoni, na milioni 2 kati ya hizo hakuzikopa! Zimepotea mnadani, na aliyefaidi ni mnunuzi.

Kifungu cha 97 cha Sheria hiyo ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei bora inayopatikana wakati huo. Vizuri, lakini benki isipofanya hivyo, aliyetolewa nyumbani atamlipa wakili wa kuishtaki kwa kitu gani?

Pendekezo langu: ikiwa ni nyumba anayoishi mkopaji mwenyewe, deni lipunguzwe kwa bei ya soko. Hapo angebaki na deni la laki 5. California imekwenda mbali zaidi: kwa mkopo wa kununulia nyumba ya kuishi, benki hairuhusiwi kudai salio.

*Mchangiaji, afisa mikopo:*
Ndugu, fedha hizo ni akiba za watu. Mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa na takriban mikopo ya nyumba 30,000 tu. Ukitubebesha pengo la mnada tutapandisha malipo ya awali, na kijana wa mshahara atabaki mpangaji. Tena wapo wanaokimbilia amri ya mahakama kuzuia mnada, riba inapanda, kisha wanalalamikia salio.

*Mwanzisha mada:*
La kuzuia mnada bila msingi nakubali; riba ya muda huo ailipe mwenyewe. Lakini mthamini, dalali na siku ya mnada vyote huchaguliwa na benki. Mkopaji hana kauli hata moja, kisha hasara yote iwe yake? Kuna benki zinazomruhusu atafute mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada, ila kwa hisani tu. Afisa, mna sababu gani ya kukataa sheria impe miezi sita ya kufanya hivyo kama haki yake?