Kamera za mkanda Arusha na Moshi: kusafisha nyumbani, kahawa, au kutuma Nairobi?

SakinaPicha: Wadau habari zenu. Nina mikanda miwili ya 35mm: Ilford HP5 ya nyeusi na nyeupe niliyopiga Soko Kuu, na Kodak Gold 200 ya harusi ya dada yangu kule Machame. Studio nilizopita hapa mjini zimebaki na pasipoti na kuprinti picha za simu. Nalinganisha njia tatu: kutuma Nairobi kwa shuttle ya Namanga, kununua dawa nisafishe mwenyewe, au ile ya kusafisha kwa dawa ya kahawa. Mnasemaje?

FundiMajengo: Mikanda hiyo kila mmoja una njia yake. HP5 haina haja ya kuvuka mpaka. Giza unalihitaji wakati wa kuingiza mkanda kwenye tangi la kusafishia tu. Likishafungwa, washa taa uendelee. Tumia D-76, dawa ya kutoa picha, bila kuiongezea maji, nyuzi 20, dakika 7 na nusu, unaligeuzageuza tangi sekunde kumi kila dakika. Kisha stopu ya kusimamisha dawa, fiksa ya kuzuia picha isiharibiwe na mwanga, halafu suuza. Kazi kubwa kwetu Moshi ni joto. Mwezi wa pili maji ya bomba ni ya uvuguvugu, kwa hiyo naweka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu, kipimajoto ndani, nasubiri mpaka dawa ishuke yenyewe. Hapo usiwe na haraka. Ile dakika unayoufungua mkanda na kuona sura za watu zimetokea, hakuna studio inayoweza kukupa.

BintiNjoro: Naunga mkono, ila kahawa msiidharau jamani! Kwa lita moja ya maji: Africafe gramu 40, vitamini C ya unga gramu 16, sodiamu kaboneti gramu 54. Dakika 15, nyuzi 20. Magadi ya kupikia maharage yasitumike hivihivi, yamechanganyika na bikaboneti, ukali wake hautoshi. Mimi nakaanga baking soda kwenye sufuria kavu mpaka iache kutoa mvuke, inageuka kaboneti, ndipo napima. Chembe za picha zinakuwa nene kidogo na negativu, yaani mkanda uliosafishwa, inabaki na ukahawia, lakini kwa picha za sokoni napenda sana. Fiksa bado lazima ununue, kahawa haifanyi kazi hiyo.

SakinaPicha: Asante dada. Na ya harusi je?

MzeeLevolosi: Mwanangu, ya harusi tuma. Mkanda wa rangi unasafishwa kwa C-41, dawa za mikanda ya rangi: nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15, na joto likiyumba kidogo tu rangi nazo zinayumba. Jifunzie kwa mkanda wa majaribio, si wa harusi ya dada yako. Ipeleke kwa barabara. Ukimpa mtu wa ndege, aombe ikaguliwe kwa mkono, maana skana mpya za CT (za mionzi mikali) za mizigo viwanjani zinaharibu mkanda ambao haujasafishwa. Na usikubali kutumiwa skani (nakala za kwenye simu au kompyuta) peke yake. Dai negativu zako zirudi.

BintiNjoro: Shikamoo mzee, umesema vyema. Niongeze: suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Ya bomba yakikauka yanaacha madoa meupe.

SakinaPicha: Sawa, mkanda wa harusi unaondoka kesho. FundiMajengo, Jumamosi naweza kuja na HP5? Tangi lako linabeba mingapi?

FundiMajengo: Miwili. Karibu, ila uwahi asubuhi kabla maji hayajapata joto.