WANA MAPIPA HALISI 🎸

*Jumatatu*

Dada Mwaju: Wana Mapipa mpo? Albamu ya Chidi ipo hapo juu tangu jana. Nyimbo 8, hata saa haifiki. Kila mtu asikilize, aandike mistari miwili mitatu KABLA YA ALHAMISI USIKU. Ijumaa ni Bandcamp Friday, siku ambayo Bandcamp, wale wa tovuti ya kuuzia muziki, hawakati ile asilimia 15 yao, kwa hiyo karibu yote inaenda kwa msanii. Zai atayaunga maoni yawe uchambuzi mmoja.

Mama Nasra: 👍

Dada Mwaju: Mama Nasra, kidole si maoni

Kibo: Ni singeli?

Zai: Indie rock na elektroniki. Gitaa, sintesaiza, mashine ya ngoma. Kafanya mwenyewe kwenye laptop

Kibo: Kwenye chumba kile cha kuku?

Kibo: Basi kwenye wimbo wa pili anayelia ni jogoo 😂😂

Salma: 😂😂😂

Dada Mwaju: Kibo umesikiliza au unachekesha tu

Kibo: Nimesikiliza wa kwanza. Nimengoja kiitikio mpaka chai ikapoa

Kibo: Nani Bongo hii atanunua rock lakini

Zai: Nairobi bendi ya Just a Band walikuwa na elektroniki yao hivyohivyo, mwaka 2010 video yao ya shujaa Makmende ikazunguka dunia

Kibo: Makmende alikuwa anapiga watu. Chidi anampiga nani?

*Jumanne*

Dada Mwaju: Maoni mpaka sasa: SIFURI. Na hela ya kununua nimepata ya watu wawili. Nitumieni kwa simu, Shem Abuu ana kadi atalipia huko Muscat

Shem Abuu: Salaam. Nimesikiliza garini natoka kazini. Wimbo wa nne, pale konda anaita "Makumbusho Mwenge Tegeta", halafu sauti inakatwakatwa mpaka konda mwenyewe anageuka kuwa ngoma. Wallahi nimepitiliza kipilefti

Dada Mwaju: HAYA NDIYO MAONI 👏👏 Zai nakili

Seif Spika: Wa nne sawa. Zilizobaki sauti imezama. Besi na kiki zimekaa sehemu moja zinagombana, juu yake kamimina mwangwi kwenye gitaa na kwenye kuimba. Kisha kabana miksi nzima ipige kelele. Spotify wanazishusha kwenye -14 LUFS hata hivyo, kwa hiyo kelele yenyewe haimfai kitu

Mama Nasra: Kwa Kiswahili baba

Seif Spika: Kapandisha mno. Programu itashusha. Kitakachobaki ni uji

Seif Spika: Angekuja kusikiliza kwangu kwenye spika kubwa angelijua hilo mapema. Ila spika zangu zilivyorudi kutoka harusi ya Salma mnajua wenyewe

Dada Mwaju: Seif tusianze

Seif Spika: Sijaanza. Koni mbili

Salma: Jamani mimi nilikuwa bibi harusi, nipasue koni saa ngapi

Kibo: Ulicheza sana shoga 😂

Seif Spika: Aliyekuwa kwenye mashine siku ile yumo humu na anajijua

Zai: Chidi kaziona meseji zote. Tiki za bluu

*Jumatano*

Dada Mwaju: Nakumbusha ni KESHO. Andikeni vitu vizuri vizuri, hii inakwenda kwa watu wa nje

Mzee Pazi: Assalam aleykum nyote. Nimesikiliza zote nane kwa simu ya mjukuu, mbili nimezirudia. Wakati wetu bendi nzima iliingia chumba kimoja, mkanda unazunguka, mmoja akikosea mnaanza upya. Kwa hiyo kila mtu alihakikisha anasikika. Huyu kijana yuko peke yake na mashine na bado amejificha nyuma yake. Gitaa la wimbo wa sita ni zuri, solo inaongea na rizimu inajibu, nimefurahi sana. Lakini maneno sikuyapata hata ubeti mmoja. Kasida alisoma kwa mama yake, Mungu amrehemu, sauti anayo. Asiuze Ijumaa. Aurudie uimbaji. Na wewe Mwajuma usimkusanyie sifa za kununua.

Mama Nasra: Shikamoo mzee

Shem Abuu: Shikamoo mzee wangu

Dada Mwaju: Shikamoo baba. Ila tumeshatangaza Ijumaa…

*Alhamisi*

Zai: Sasa niandike nini? Naweka ya Shem na ya mzee, au?

Dada Mwaju: Weka ya Shem. Ya mzee weka pale pa gitaa tu

Seif Spika: Weka yote au usiweke

Chidi: Shikamoo Mzee Pazi. Nimesoma

Chidi: Seif, sauti nilirekodi usiku, nanong'ona ili baba mwenye nyumba asiamke

Seif Spika: Njoo Jumamosi. Uje na gitaa. Spika moja inafanya kazi

Kibo: Moja tu? 👀

Seif Spika: Kibo wewe ndiye ulikuwa kwenye mashine

Salma: 😳😳

Kibo: Umeme ulikatika ukarudi ghafla!! Nimeeleza mara ngapi

Dada Mwaju: Jamani Ijumaa tunauza au hatuuzi? Chidi?

Mama Nasra: Auze wa nne na wa sita basi, nyingine zingoje

Dada Mwaju: Chidi??

Shem Abuu: Mimi nimeshalipia nzima

Dada Mwaju: Kibo, hela yako bado sijaiona