Mpaka wa chini umetoka hasi, nimekosea wapi?

Mgeni_wa_Takwimu: Wakuu, naombeni msaada, nachambua data za tasnifu. Watu 60 waliochaguliwa kwa nasibu, 3 tu wamejibu "ndiyo". Uwiano 0.05, kosa sanifu (yaani uwiano unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine) 0.028. Nikazidisha kwa 1.96, nikajumlisha na kutoa kama tulivyofundishwa. Masafa ya kujiamini ya 95%, yaani makadirio ya chini na ya juu ya uwiano halisi wa watu wote, yakatoka -0.5% hadi 10.5%. Asilimia hasi ya watu! Nimerudia mara nne. Niweke sifuri tu nisonge mbele?

Kikokotoo: Hesabu iko sawa, fomula ndiyo haikufai. Inadhani uwiano wa sampuli unatawanyika kwa umbo la kengele, na kwa hilo wengi hutaka "ndiyo" na "hapana" zifike angalau 10 kila upande. Wewe una 3. Sifuri usiweke: watu watatu wameshakubali, sasa sifuri itatoka wapi? Tumia njia ya Wilson, fomula nyingine ya masafa hayohayo, ipo tangu 1927. Nimekupigia: 1.7% hadi 13.7%.

BintiSampuli: Kama Wilson anakutisha, ongeza "ndiyo" 2 na "hapana" 2 za kubuni, yaani 5 kwa 64, kisha rudi kwenye fomula yako. Unapata 1.2% hadi 14.4%. Inafanana na uchakachuaji, najua 😀 lakini wanatakwimu Agresti na Coull waliitetea mwaka 1998. Ila taja njia uliyotumia.

Mgeni_wa_Takwimu: Asanteni sana. Kwa hiyo naandika "kuna uwezekano wa 95% kwamba uwiano halisi uko kati ya 1.7% na 13.7%"?

Kikokotoo: Hapo msimamizi atakurudisha. Uwiano halisi ni mmoja na umetulia, hatuujui tu. Kinachohamahama ni masafa, kila ukichukua sampuli mpya. Ukirudia zoezi mara nyingi sana, takriban masafa 95 katika kila 100 yataunasa. Haya yako ama yameunasa ama yameukosa. Hiyo 95% ni sifa ya wavu, si ya samaki.

BintiSampuli: Swali moja, ndugu. Hao 60 ndio wote uliowafuata?

Mgeni_wa_Takwimu: Hapana, niliwafuata 85. Wengine 25 walikataa.

BintiSampuli: Mh. Masafa hayo yanapima bahati ya uchaguzi wa sampuli tu. Hao 25 hayawajui, na Wilson hakusaidii hapo. Waandike juu kabisa, kabla ya jedwali.